Kabla hujalipia nyongeza ya gemu, kagua diski

Wadau wa gemu hapa Mwanza, ukitaka kununua nyongeza (DLC, yaani sehemu ya ziada ya gemu unayolipia na kuipakua) ya PS4 au PS5, angalia kwanza diski yako ni ya soko gani. Nyongeza uliyoilipia kwa akaunti ya Marekani kwa kawaida haikubali diski ya Ulaya, na diski za mtumba zinazozunguka Makoroboi hadi Kirumba zimechanganyika. Kasha la Ulaya lina alama ya umri ya PEGI, la Marekani lina ESRB. Hela ikishakatwa, kurudishiwa ni kazi.

Halafu pima unachopata. Gemu ya The Witcher 3 iliuza nyongeza ya Blood and Wine mwaka 2016 kwa dola 20: eneo jipya zima la Toussaint, saa 20 na zaidi za kucheza. Hiyo ni halali ya hela. Lakini mwaka 2006 watengenezaji wa gemu ya Oblivion waliuza deraya ya farasi kwa dola 2.50, na farasi akabaki farasi yule yule. Kadi za wachezaji unazolipia kwenye gemu za mpira ndiyo mbaya zaidi kwangu, maana toleo la mwaka ujao unaanza upya.

Kama huna haraka, subiri toleo kamili. La Witcher 3 lilitoka Agosti 2016, miezi michache tu baada ya Blood and Wine, nyongeza zote zikiwa ndani.

Na usome ukubwa wa faili kabla ya kubonyeza, bando lisije likaishia njiani.