Pima kifundo cha mguu kabla ya kuchuchumaa na uzito

Wenzangu tunaokimbia vilima vya Kampala, jaribuni hili. Vua viatu, weka vidole sentimita 10 kutoka ukutani, kisha sukuma goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Lisipofika, kifundo hakikunji vya kutosha, na ukichuchumaa visigino vitainuka au kiwiliwili kitalala mbele kupita kiasi, mzigo uangukie kiunoni. Weka ubao mwembamba chini ya visigino: kifundo hakidaiwi mkunjo mkubwa tena, nyonga na magoti hukunjika kwa uhuru. Pima miguu yote miwili, mara nyingi haifanani. Kikivuta nyuma, kwenye shavu la mguu, nyoosha kila siku. Kikibana mbele ya kifundo, kunyoosha hakusaidii. Usilazimishe, muone mtaalamu wa viungo.