Monita ya chogo inatetemeka? Weka bisibisi chini kwanza

Vijana wakiona picha inayumba kwenye monita ya chogo hukimbilia kufungua kifuniko. Mimi nawakataza. Kioo kile hufanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000, na umeme unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Halafu mara nyingi kosa lenyewe halimo ndani.

Juzi niliitwa Ngamiani, hapa Tanga, kwa mzee mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Hesabu zake zote zimo kwenye kompyuta ya zamani na hataki kusikia habari ya kununua nyingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu itazame hii, herufi zinacheza mdumange."

Hatua ya kwanza: kaa, tazama. Kila kasoro ina sura yake. Kila herufi ikiwa na kivuli upande wa kulia, shuku kebo ya picha inayotoka kwenye kompyuta. Nyeupe ikigeuka njano, rangi ya bluu haifiki, tena kebo hiyohiyo. Madoa ya rangi yaliyoganda pembeni ni sumaku, na spika huwa ya kwanza kutajwa. Picha ikipepea kama kanga kwenye kamba, kuna kifaa cha umeme karibu kinachoivuta. Ya mzee ilikuwa inapepea.

Hatua ya pili: kebo, hata kama huishuku. Zima kila kitu, ichomoe, hesabu pini. Plagi ina nafasi 15, lakini nyingi hazina pini ya 9 tangu kiwandani, kwa hiyo usilie umeibiwa. Pini iliyopinda inyooshe taratibu kwa kibano. Hewa yetu ya chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye shaba. Futa kwa spiriti, acha ikauke, kisha kaza skrubu zote mbili. Kama umeunga kebo mbili, ondoa hiyo ya kuungia.

Hatua ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote, na haigharimu hata shilingi. Umeme wetu wa ukutani hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Monita ikichora picha mara 60, tofauti ni 10, na huo ndio mtetemo unaouona. Ingia kwenye mipangilio ya skrini, weka 75 badala ya 60, ila hakikisha kwanza monita yako inaikubali. Mtetemo ukibadilika kasi, ukawa wa haraka na mdogomdogo, umeshamjua adui: yuko nje ya monita, na anakula umeme wa ukutani.

Kwa mzee ulibadilika.

Hatua ya nne: msake. Zima kimoja kimoja: feni, taa ya tyubu, chaja, redio. Tulizima vyote, picha ikaendelea kupepea. Nikaibeba monita hadi katikati ya chumba, hatua mbili tu kutoka ukutani, ikatulia. Nikairudisha mahali pake, ikaanza. Tukiwa tunashangaa, upande wa pili wa ukuta kukasikika "tk!", na herufi zikasimama zenyewe. Dakika chache baadaye, "tk!" nyingine, mdumange ukarudi.

Jirani anauza juisi ya ukwaju. Stabilaiza ya friji lake imepigiliwa misumari kwenye ukuta huohuo, usawa wa kichwa cha monita. Friji likiwaka, transfoma hubeba mzigo na sumaku yake hupenya matofali kama hayapo.

Kama wewe una madoa ya rangi, ondoa spika, kisha bonyeza kitufe cha kufuta sumaku mara moja tu. Usikirudie mpaka ipite kama nusu saa, kwani kipande cha ndani kinachodhibiti umeme wake lazima kipoe. Na kama umeihamishia monita nyumba nyingine kabisa na bado inayumba, hapo ndipo uwaze kapasita iliyovimba au lehemu iliyopasuka karibu na flaibeki, ile transfoma inayotengeneza volti kubwa za kioo. Mpelekee fundi anayejua kutoa umeme kwenye kioo. Usijifunzie kwako.

Jirani alikubali kuihamishia stabilaiza ukuta wa mbele, kwa sharti mzee amfungie breki mpya kwenye baiskeli ya mwanawe. Walibishana bei ya breki muda mrefu kuliko nilioutumia kuitafuta stabilaiza.