Kabla ya Kununua Nyumba Kijijini Indonesia: Mwongozo kwa Mkazi wa Dodoma

Mkazi wa Dodoma anayetaka kuhamia kijiji cha Indonesia aanze na suala la ardhi, kwa kuwa hapo ndipo akiba ya miaka mingi inapoweza kupotea. Sheria ya Msingi ya Ardhi ya mwaka 1960 hutoa umiliki kamili, uitwao Hak Milik, kwa raia, ilhali mgeni mwenye kibali cha ukaazi huweza kupata Hak Pakai, yaani haki ya matumizi kwa muda maalumu, au akapanga nyumba kwa mkataba. Ukishauriwa kuandikisha kiwanja kwa jina la mwenyeji huku mkiwekeana mkataba wa pembeni, kataa katakata, kwani kifungu cha 26 cha sheria hiyo hubatilisha mpango huo na fedha uliyolipa haidaiwi tena. Nawasihi hasa wastaafu walizingatie hili.

Ukishafika, jitambulishe kwa kiongozi wa mtaa, RT, kama ambavyo ungeripoti kwa balozi wa nyumba kumi. Kwenye lango la vitongoji vingi hubandikwa kibao kinachomtaka mgeni aripoti ndani ya saa 24.

Safari yenyewe si ngumu: panda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, kisha ndege kupitia Doha au Dubai hadi Jakarta. Panga kufika Java, kisiwa ilipo Jakarta, kati ya Juni na Agosti, kwa sababu mvua za Desemba hadi Februari huharibu barabara za vijijini.