Kuzuia jahazi la injini lisizame: matundu, shafti, mbao na pampu

Jahazi la mbao lenye injini ndani, lile linalotembeza wageni mchana na kulala nanga usiku, mara chache huzamishwa na dhoruba. Huzama usiku wa maji matulivu, mabaharia wamelala au wameshuka pwani, kwa sababu ya mpira uliopasuka, klipu iliyooza, au mshono wa mbao ambao kila mtu alijua unavuja tangu mwezi uliopita. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuyajua matundu.

Shika karatasi, anzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma), andika kila tundu lililo chini ya usawa wa maji: la kupozea injini, ya choo (kwa kawaida mawili), la sinki, la shafti ya propela, na la usukani kama mhimili wake unapita ndani ya chombo. Andika na kipenyo, kwani hicho ndicho kinachoamua una muda gani. Tundu la milimita 25 lililo nusu mita chini ya maji huingiza karibu lita 55 kwa dakika. La milimita 50, kina kile kile, huingiza mara nne, yaani lita 220. Kwa ndoo ya lita 10, lile la kwanza ni ndoo tano au sita kwa dakika, na watu wawili wakipokezana watalimudu kwa muda. La pili ni ndoo 22, na hapo mikono haitoshi. Bandika karatasi hiyo karibu na usukani, kila tundu lionyeshwe lilipo, ili hata baharia mgeni aweze kulifikia gizani.

Kila tundu liwe na vali yake, imefungwa kwenye ubao wenyewe, isiwekwe baada ya kipande cha mpira. Hapa ndipo wengi hujiponza: hununua vali ya bomba la nyumbani kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu ni rahisi na inang'aa. Ile ni shaba iliyochanganywa na zinki. Maji ya chumvi hula zinki polepole na kuacha shaba yenye vinyweleo, laini kama biskuti iliyolowa, na siku moja ukiikamata uifunge inakukatikia mkononi. Ikwangue kwa kisu: rangi ya waridi ikitokea badala ya manjano, ibadilishe kabla ya safari nyingine. Inayofaa ni ya shaba iliyochanganywa na bati, iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari. Funga na kufungua kila vali walau mara moja kwa mwezi, maana vali isiyochezeshwa hushika, na utaigundua siku unayoihitaji.

Mpira ushikwe kwa klipu mbili kila ncha, za chuma kisichoshika kutu, skrubu zake zikitazama pande tofauti. Pitisha kidole chini ya klipu. Kutu hupenda kujificha upande usioonekana. Kisha, kando ya kila vali, fungia kwa uzi kizibo cha mti laini kilichochongwa kama karoti, ncha nyembamba iingie tunduni na ncha nene iwe kama mara moja na nusu ya kipenyo cha tundu. Mti laini huvimba ukilowa na kujikaza wenyewe. Kizibo kilichowekwa kwenye sanduku la vifaa, chini ya kamba na rangi, hakina faida yoyote.

Shafti

Mahali shafti inapotoka nje huzibwa kwa kamba iliyosokotwa na kutiwa grisi, ikikandamizwa na nati kubwa. Kamba hiyo inatakiwa kudondosha maji kidogo shafti inapozunguka, matone mawili au matatu kwa dakika, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayoipoza. Injini ikizimwa, matone yakome. Ukikaza mpaka pakauke kabisa wakati wa mwendo, shafti itachemka na kujichimba mfereji, na baada ya hapo hakuna kamba itakayoziba. Gusa ile nati kubwa kwa mkono (si shafti inayozunguka) baada ya saa moja ya safari: uvuguvugu si tatizo, lakini ikikuunguza umekaza mno.

Kubadilisha kamba, chombo kiwe kimepwelewa. Toa pete zote za zamani, pamoja na ile ya mwisho ndani ambayo watu huiacha. Kata pete mpya kwa kuzungushia shafti, moja moja, tatu au nne kulingana na nafasi. Usizungushe kamba moja ndefu kama chemchemi, itavuja. Maungio ya pete yasilingane: kila moja ipishane na ya kabla yake kwa theluthi ya mzunguko. Kaza nati kwa mkono tu, shusha chombo majini, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana mpaka matone yafikie kiasi. Mwisho kaza nati ya pili inayoifunga ile ya kwanza. Ikisahauliwa hiyo, mtikisiko wa injini utailegeza nati kubwa njiani.

Mbao

Chombo kilichokaa juani pwani wiki kadhaa hunywea, mbao zikaachana, na kikirudi majini huvuja kama kikapu siku ya kwanza. Usikimbilie kujaza pamba mianya yote hiyo. Mbao zikinywa maji huvimba, na pamba iliyoshindiliwa kupita kiasi huzisukuma mpaka misumari ing'oke kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo. Lowesha kwanza: mwagia maji ya bahari ndani na nje asubuhi na jioni kwa siku mbili tatu, funika kwa magunia mabichi, kisha tazama ni mianya ipi imebaki wazi.

Kutafuta panapovuja, subiri bamvua, siku za mwezi mpya au mpevu, maana maji hupwa mbali na kukupa saa nyingi za kazi. Usifue (yaani usichote na kumwaga) maji yote kabla ya kupweleza. Acha kiasi cha kina cha kiganja kwenye banduru, pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika. Chombo kikikaa mchangani na nje kukauka, maji ya ndani yatatoka kwa njia ile ile yaliyoingilia. Weka alama ya chaki kila palipo unyevu, hapo ndipo ufue.

Toa pamba iliyooza kwa ndoana ya chuma, polepole, usijeruhi kingo za ubao. Chovya pamba mpya kwenye sifa (mafuta ya papa) au mafuta ya nazi, isokote iwe nene kidogo kuliko mwanya, ishindilie kwa patasi butu na nyundo ya mti. Sikiliza mlio: unaanza mzito na butu, kisha unakuwa mkavu pamba ikishika, na hapo ndipo pa kuacha. Pamba ibaki ndani ya uso wa ubao milimita chache, nafasi hiyo ijazwe lipu ya chokaa na mafuta. Pamba ikipita moja kwa moja hadi ndani, mwanya ni mpana mno. Hapo panahitaji kipande cha ubao, wala usijidanganye kwa pamba zaidi. Mwisho upake deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, upande wote wa chini. Inawazuia wadudu watoboao mbao, ambao tundu lao kwa nje ni dogo kama la sindano ilhali ndani wameshaugeuza ubao kuwa mzinga.

Pampu

Kwenye boksi la pampu ya umeme huandikwa, tuseme, galoni 2,000 za Kimarekani kwa saa, ambazo ni lita 126 kwa dakika. Hicho ni kipimo cha pampu isiyopandisha maji popote. Ikipandisha mita moja na nusu kwa mpira mrefu wenye kona, na waya wake ni mwembamba, tarajia nusu. Linganisha na ile karatasi ya matundu. Pampu hiyo italishinda tundu la milimita 25, lakini haitalishinda la 50. Na betri nayo ina mwisho: pampu inayokula ampea 8 humaliza nusu ya betri ya ampea-saa 100 ndani ya saa sita hivi. Waya wa swichi ya boya, ile inayowasha pampu yenyewe maji yakipanda, utoke kwenye betri moja kwa moja, wenye fyuzi yake, usipitie swichi kuu ambayo mtu huizima akishuka.

Kuna jambo moja ambalo limezamisha vyombo vizima, visivyo na tundu hata moja bovu. Mdomo wa mpira wa pampu ukiwa karibu na usawa wa maji, siku ya mzigo mkubwa au chombo kikilala upande, mdomo huo huzama. Pampu ikizimika, bahari huanza kurudi kwa mpira ule ule. Choo hufanya hivyo hivyo. Dawa yake ni kuupandisha mpira juu kabisa chini ya sitaha, kwenye kilele chake pawekwe kitundu cha kupitishia hewa, ndipo ushuke mpaka mdomo ulio sentimita 30 juu ya maji chombo kikiwa kimejaa. Usitegemee vali ya njia moja peke yake; unywele mmoja au kijiti kinatosha kuiacha wazi.

Msimu wa masika, kumbuka pia maji ya juu. Mvua ya milimita 100 kwenye chombo wazi chenye eneo la mita 25 za mraba ni tani mbili na nusu.

Maji yakiongezeka

Wavishe watu maboya kwanza, washa pampu, kisha onja maji. Yakiwa hayana chumvi, ni tangi au mvua. Yakiwa ya chumvi, funga vali zote hata bila kujua ni ipi. Zima injini kwanza, maana vali ya maji ya kuipozea nayo inafungwa; ifungue hiyo kabla ya kuiwasha tena. Ubao ukiwa umepasuka, geuza chombo kilalie upande usio na ufa ili ufa uinuke, ndani bana godoro na ubao kwa gongo lililokazwa kwenye taruma, nje shusha turubai lililofungwa kamba pembe nne. Maji yenyewe yatalivutia kwenye ufa. Toa taarifa mapema kwa redio ya VHF, chaneli 16, utaje mahali ulipo na idadi ya watu, wakati betri bado ziko juu ya maji. Kama pwani ya mchanga iko karibu, elekea huko taratibu, epuka matumbawe.

Injini iliyomezwa na maji ya chumvi isipigwe stata. Mwaga oili yote, toa nozeli, zungusha kwa mkono maji yatoke kwenye silinda, suuza kwa maji yasiyo na chumvi kisha kwa dizeli, tia oili mpya. Yote hayo yafanyike siku hiyo hiyo, kabla kutu haijashika pete za pistoni.