Ukiitwa kushuti Bagamoyo: ya kupanga kabla ya kupanda Noah

Mimi ni mtu wa mavazi. Kazi yangu kupiga pasi, kubana vifungo na kushika khanga mwigizaji anapobadilisha nguo nyuma ya gari, kwa hiyo mengi nayasikia. Mabinti wanaotoka TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, huniuliza waanzie wapi. Anza na maandishi, mdogo wangu. "Tutaongea ukifika" si makubaliano.

Kama prodyuza hana mkataba, tumia WhatsApp. Akikupigia, msikilize mpaka mwisho, kisha mwandikie: "Kaka, kama tulivyoongea: siku nne, nusu ya hela kabla ya kushuti, nauli na chumba juu yenu. Sawa?" Akijibu "sawa", umepata pa kushikia.

Halafu muulize anayeigiza mumeo analipwa ngapi. Usione haya, wanaume wanaambiana hela zao kwenye kahawa kila jioni. Wewe unaambiwa "hii itakutoa, dada". Mwambie mwenye nyumba wako hivyo uone kama atapokea.

Kuna kipengele wengi wanakiruka: siku za kurudia. Mwishoni mwa 2017 filamu moja ya Marekani ilibidi irudiwe sini kadhaa. Januari 2018 ikafichuka kwamba Mark Wahlberg alilipwa dola milioni 1.5 kwa marudio hayo, na Michelle Williams, aliyeigiza naye, akaambulia posho isiyofika dola 1,000. Wote wawili walikuwa chini ya wakala mmoja! Basi andika kabisa: siku ya kurudia inalipwa sawa na siku ya kawaida.

Sasa nguo. Mkishuti magofu ya Kaole au ufukweni, usitegemee kuwa kuna aliyefikiria chumba cha kubadilishia. Wanaume wanavua shati palepale. Wewe utaambiwa uingie kwenye Noah, vioo vyeupe, vijana wa taa wamesimama nje. Beba dera pana, lile la kuingia watu wawili. Livae juu ya nguo ulizonazo, ingiza mikono ndani, vua, vaa ya sini, ndipo ulitoe dera. Humhitaji mtu wala kioo cha tinti, na upepo wa bahari hauna la kukufanya. Khanga ya kushikiwa ni nzuri, ila mshikaji akiitwa na dairekta anaondoka nayo.

Chumba cha kulala kiwe chako peke yako au na mwanamke mwenzako, na ufunguo uchukue mapokezi mwenyewe. Ukiitwa usiku "tupitie skripti" chumbani kwa mtu, jibu kwa adabu: "Dairekta, nashuka, tukae hapo barazani." Mwenye nia ya skripti atashuka.

Sini za kitandani zimalizwe kwenye karatasi kabla ya safari: utavaa nini, utaguswa wapi, nani anabaki ndani, nani anaangalia monita. Siku yenyewe utasikia "tuongeze kidogo, dada, uhalisia". Kisichoandikwa hakishutiwi. Nimeona wakubwa wakinuna kwa jibu hilo, na kazi ikaendelea vilevile.

Na prodyuza au dairekta akikutaka kimwili ndipo akupe nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono. Imo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Usimtukane, usimbloku, usifute hata voisi moja. Piga picha ya meseji, mtumie mtu unayemwamini nyumbani, kisha nenda TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, mapema, kabla jamaa hajashtuka, maana huwa wanaweka mtego na mtego unataka awe bado anakutafuta. Kama ameshakushika kwa nguvu, nenda polisi, ulizia dawati la jinsia na watoto. Namba ya TAKUKURU ni 113, haikati salio.