Ukiwa mjini niletee: namna ya kuagizana Dar bila mtu kuumia

Kila grupu la marafiki Dar lina siku yake ya "nani yuko mjini leo?" Mmoja akishuka Kariakoo, wenzake wa Mbagala, Goba na Kigamboni wanamrushia maagizo: doti ya khanga, chaja, kibua wa elfu kumi, dawa ya mtoto. Ni msaada mkubwa, maana unaokoa nauli na nusu siku ya foleni. Tatizo ni kwamba agizo linaandikwa na mtu aliyekaa sebuleni, linasomwa na mtu aliyesimama Mtaa wa Kongo, mkoba kaukumbatia kifuani, anasukumwa kila upande. Kutoa simu mara tano pale ni kuiweka simu yenyewe hatarini. Kwa hiyo andika agizo ambalo mwenzako atalisoma mara moja na kulimaliza bila kukupigia.

Agizo lililokamilika linafanana na hili:

"Da Neema, naomba khanga doti 2, pamba, nyekundu au kahawia, bluu hapana. Jina liwe la heri, ni zawadi ya mkwe, nipigie picha kabla hujalipa. Mwisho elfu 12 kwa doti. Ukikosa kwa bei hiyo acha tu. Nimeshatuma 24,000 na ya kutolea."

Kila neno hapo lina kazi. "Bluu hapana" inamwondolea swali kabla hajauliza. "Ukikosa acha" inampa ruhusa ya kurudi mikono mitupu bila kujiona amekuangusha, na watu wengi hulisahau hili kuliko yote. Matokeo yake mwenzako ananunua kitu usichokitaka kwa kuona aibu kurudisha pesa. Jina la khanga nalo si la kubahatisha: mkwe akifungua zawadi akakuta maneno ya kupiga vijembe, hakuna atakayeamini kwamba hukuyasoma.

Aliyetumwa naye aiangalie khanga yenyewe. Khanga mpya huwa imetiwa wanga, hivyo ugumu wake dukani haumaanishi ni nzito. Shika pembe, isugue kati ya vidole kama unafua doa. Ukiona unga mweupe vidoleni na nyuzi zimeachana, ujue mfuo wa kwanza utaiacha kama chandarua. Inyooshe kwenye mwanga pia. Na kama mwagizaji anaihitaji siku hiyo hiyo, akumbuke kwamba doti hutoka dukani vipande viwili vikiwa bado vimeungana. Lazima ipite kwa fundi ikatwe na kupindwa.

Kwa vitu vya umeme na vipuri, maneno hayatoshi, tuma picha. Chaja ya kompyuta ipigwe picha upande wenye maandishi ili volti na ampea zisomeke, kisha picha ya pili ya ncha inayoingia kwenye mashine. Volti lazima zilingane, ampea zisipungue. Balbu, sema ni ya kuzungusha au ya pini. Dawa, piga picha boksi lote mpaka miligramu zionekane, pamoja na cheti cha daktari kama kipo. "Vile vidonge vyeupe vya presha" si agizo, na muuza dawa makini hatampa mtu kitu kwa maelezo hayo.

Vyakula vina mgogoro wake, nao ni vipimo. Ukiandika "niletee nyanya za elfu tano" umeacha kila kitu kwa muuzaji. Taja kama unataka kilo, fungu au sado. Sado ni kopo la rangi la lita 4, kwa hiyo linapima ujazo, halipimi uzito. Mchele wa sado lililosawazishwa haufiki kilo 4, na vitunguu vikubwa vinaacha nafasi za hewa katikati, hivyo sado la vitunguu vidogo lina mali zaidi. Aliyetumwa aangalie pia kopo lenyewe, kwani kopo lililobonyezwa kitako linameza mchele wako mbele ya macho yako. Na mpeleke mtu kwenye soko linalofaa: nafaka Tandale, ndizi Mabibo pale Mahakama ya Ndizi, mboga na nyanya za jumla Ilala. Kumtuma mtu mkungu wa ndizi Kariakoo kisha apande nao daladala ni kumwonea.

Sasa samaki, ambao ndio agizo gumu kuliko yote, na msimamo wetu hapa ni mkali: anayekwenda Feri, soko la samaki la Kivukoni, asipewe agizo la Kariakoo siku hiyo. Samaki wazuri wanapatikana asubuhi na mapema, wakati maduka mengi ya Kariakoo bado hayajafungua. Akingoja maduka, samaki wanakaa juani. Afike Kivukoni kwenye saa 12 na nusu, achague, waparwe, apakie barafu, na kabla ya saa 2 awe njiani kurudi nyumbani.

Jicho la samaki liwe limejaa na linang'aa, matamvua yawe mekundu, si ya rangi ya kahawa. Bonyeza mgongoni kwa kidole: nyama irudi juu. Shimo likibaki, mwache. Atakayelipia kwa kilo ajue kwamba uzito huchukuliwa kabla ya kupara, kwa hiyo kilo 3 za changu hazitafika nyumbani zikiwa kilo 3. Magamba, matamvua na utumbo vimebaki Feri. Mwagizaji aandike anavyotaka: wapareni na kutoa utumbo tu, au vipande vya kukaanga, na kichwa kirudi au kisirudi. Kichwa cha changu kikitupwa bila ruhusa, kuna watu wanaonuna wiki nzima, na wana haki, supu ilikuwa pale.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usitegemee chombo cha huko. Beba ndoo ya lita 10 yenye mfuniko. Kwa kilo 3 za samaki weka barafu iliyovunjwa kama kilo 3: tabaka la barafu chini, samaki, barafu tena, na juu kabisa barafu. Mfuniko ufungwe vizuri na ndoo isivuje. Maji ya samaki yakimwagika kwenye daladala utashushwa, na abiria wote watamuunga mkono konda.

Barafu si ya kulinda ladha tu. Kibua, jodari na nguru wana nyama ambayo, ikikaa kwenye joto, bakteria huigeuza ikatengeneza histamini. Sumu hii haiondoki kwa kupika, iwe kukaanga, kuchemsha au kuchoma. Mlaji huanza kuwashwa mdomoni kama amekula pilipili, uso unawaka, kichwa kinagonga, pengine vipele, mara nyingi ndani ya saa moja. Wengi husema "nina mzio wa samaki" kumbe kibua alizunguka na jua. Kama mwenzako anakaa mbali na hana ndoo ya barafu, badilisha agizo, omba changu au tasi, na bado aende nyumbani moja kwa moja.

Turudi kwenye pesa. Pesa itangulie safari, haraka haraka kabla mtu hajapanda gari. Ukimtuma mtu kitu cha elfu 50 na ukatuma elfu 50 kamili, umemwachia gharama ya kutoa kwa wakala, na kama mizigo ni mizito, ya bajaji pia. Njia safi zaidi ni Lipa Namba: mwenzako asimame dukani, akutumie namba ya muuzaji, wewe ulipe ukiwa nyumbani. Kabla ya kuweka namba ya siri, jina litatokea. Mwulize mwenzako kama ndilo jina lililobandikwa ukutani pale. Mzigo usiondoke kaunta mpaka muuzaji aone ujumbe kwenye simu yake mwenyewe. Picha ya muamala si malipo, maana picha huhaririwa.

Umekosea namba na pesa imeenda kwa mtu mwingine? Usianze kumpigia yeye, unaweza kumkumbusha aitoe. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyo hiyo, ukiwa na namba ya muamala mkononi.

Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" unawapata zaidi watu wa makundi kama haya, kwa sababu siku hiyo kweli kuna pesa unayotakiwa kutuma. Wekeni sharti moja: namba ya kupokelea haibadilishwi kwa maandishi, inabadilishwa kwa sauti. Hata ujumbe ukitoka kwenye WhatsApp ya rafiki mwenyewe, piga umsikie, kwani akaunti huibwa kwa mtu kutoa ile namba ya uthibitisho ya tarakimu 6 aliyotumiwa. Namba ya tapeli iripoti kwa kuituma kwenda 15040.

Umeme ni rahisi. Anayenunuliwa LUKU atume namba ya mita, tarakimu 11, kwa maandishi. Mnunuzi naye aipeleke tokeni yenye tarakimu 20 kwa kuinakili, asipige picha ya kioo, maana mwenzake ataisoma kwa tochi gizani na kukosea. Tokeni inaingia kwenye mita iliyonunuliwa tu, namba ya mita ikiwa ya mtu mwingine umeme umempa jirani asiyejulikana. Na uniti zikionekana chache, usimshuku rafiki: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo, na miezi ambayo hukununua hujilimbikiza.

Mzigo ukirudi kwa bodaboda, piga picha ya namba ya pikipiki, ile inayoanza na MC, pamoja na mzigo ukiwa umefungwa, kisha tuma zote kwenye grupu pamoja na namba ya dereva. Mkubaliane mapema nani analipa, na alipwe mzigo ukifika. Mpokeaji aufungue bodaboda akiwa bado mlangoni, ahesabu, ndipo alipe. Chenji iliyobaki irudishwe siku hiyo hiyo hata kama ni mia tano, na mwenye safari aambatanishe risiti. Za vifaa vya umeme zitunzwe kwenye bahasha kavu, maandishi yake hufifia haraka kwenye joto, kwa hiyo zipige picha ukifika nyumbani.