Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza dawa za presha: mishipa yako na kidonge cha kwanza

Mgonjwa anapokabidhiwa dawa za presha kwa mara ya kwanza kwenye dirisha la famasi, swali analouliza karibu kila mara ni hili: "Nitazinywa mpaka lini?" Wengine huuliza wakiwa wameshakata shauri kwamba pakiti hiyo ikiisha na kichwa kikatulia, mambo yamekwisha. Nimekaa dirishani hapo miaka ya kutosha kujua kwamba jibu la "maisha yako yote" humfukuza mtu kabla hajaanza. Jibu lenye manufaa huanzia mbali kidogo, kwenye ukuta wa mshipa wa damu, kwa sababu huko ndiko dawa inakokwenda kufanya kazi, na anayeanza dawa bila kulijua hilo huiacha kwa sababu zisizostahili.

Ateri ina ukuta wa tabaka tatu. Tabaka la ndani kabisa, lile linaloguswa na damu, ni utando wa seli zilizopangwa safu moja tu. Hata hivyo una sauti kubwa katika kuamua mshipa ulegee au ujikaze, kwa kutoa gesi iitwayo oksidi ya naitriki, ambayo ugunduzi wa kazi yake mwilini uliwapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998. Damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi mwaka baada ya mwaka, utando huo hudhoofika na gesi hupungua, mafuta hupata upenyo wa kujipachika ukutani, na misuli ya tabaka la kati hunenepa kama mabega ya mpagazi, isipokuwa kwamba hapa unene huo unakula njia ya damu. Njia ikipungua, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na presha ikawa inajilisha yenyewe. Mishipa midogo ya figo, ya nyuma ya jicho na ya ubongo huumia kimyakimya, bila kichwa kuuma wala moyo kwenda mbio, na kwa wengi dalili ya kwanza huwa ni kiharusi chenyewe.

Kabla ya lolote, hakikisha kwamba presha hiyo ipo kweli. Kwa kawaida daktari huhesabu presha kuwa ya juu pale vipimo vya zaidi ya siku moja vinapofika 140 kwa 90 au kupita hapo, ingawa kiwango kikiwa juu sana au viungo vimeshaanza kuathirika hatasubiri. Mtu aliyepanda ngazi, aliyebanwa na mkojo au aliyetoka kunywa kahawa hana kipimo cha kuaminika. Keti dakika 5 bila kuzungumza, egemea kiti, miguu yote miwili iguse sakafu, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda wa mashine uzunguke ngozi, usifungwe juu ya shati. Nimeona mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene wa mwanamke aliyesimama na kikapu begani, na namba iliyotoka hapo ikaandikwa kwenye daftari kama haki. Mkanda mdogo hupandisha kipimo, kwa hiyo usione haya kuomba mkubwa.

Vipimo vya damu na mkojo navyo vifanyike mapema: kreatinini ya kuonyesha hali ya figo, potasiamu, sukari, na protini kwenye mkojo. Umuhimu wake ni kwamba baadhi ya dawa hizi hubadilisha kreatinini na potasiamu, na asiyejua alikoanzia hawezi kujua kilichobadilika. Ikiwezekana macho yapimwe pia, maana nyuma ya jicho daktari huiona mishipa midogo waziwazi bila kupasua popote.

Sasa dawa zenyewe. Amlodipini, ambayo huenda ukaanza nayo, hufanya kazi kwenye misuli ya mshipa. Misuli hiyo hujikaza pale kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake. Amlodipini huziba milango ambamo kalsiamu hiyo hupitia na mshipa ukatanuka. Haina haraka, kwani huchukua takribani wiki moja kufikia kiwango chake mwilini, basi usiihukumu siku ya tatu. Jiandae pia kwa jambo moja linalowatisha watu. Mama mmoja wa makamo alikuja dirishani ameshika viatu mkononi, akaweka mguu juu ya benchi, akabonyeza kidole juu ya kifundo na shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Alikuwa ameacha dawa wiki tatu kwa kuamini kwamba imemwua figo. Figo zake hazikuwa na neno. Amlodipini hutanua zaidi ateri ndogo zinazoleta damu kuliko vena zinazoiondoa, kwa hiyo maji husukumwa nje ya mishipa na kutuama miguuni. Daktari anaweza kupunguza dozi au kuongeza dawa ya kundi jingine na uvimbe ukapungua. Lakini uvimbe unaoambatana na kukosa pumzi, au unaoanzia usoni, ni habari nyingine, na huo upelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kundi la pili lina asili ya ajabu kidogo. Kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na utafiti juu ya sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaca. Dawa hiyo pamoja na ndugu zake enalaprili na lisinoprili huzuia kimeng'enya kinachotengeneza anjiotensini, kemikali inayokaza mishipa na kuchochea ukuta wake kunenepa. Losatani hufika mwisho ule ule kwa njia nyingine: huiacha anjiotensini itengenezwe, kisha huziba mahali inapojishikiza. Ernesto Schiffrin na wenzake huko Montreal walichukua mishipa midogo iliyo chini ya ngozi ya makalio ya wagonjwa kabla ya matibabu na baada ya mwaka mmoja. Waliotumia losatani kuta za mishipa yao zilikuwa zimerudi karibu na kawaida na utando wa ndani ukitanuka vizuri zaidi. Waliotumia atenololi, dawa ya presha inayopunguza kasi ya moyo, mishipa ilibaki ilivyokuwa, ingawa presha ya makundi yote mawili ilikuwa imeshuka vilevile. Ulikuwa utafiti wa watu wachache, wala hausemi kwamba atenololi na jamaa zake hazifai, kwa sababu wapo wagonjwa wa moyo wanaozihitaji. Kwangu mimi faida yake ni kwamba unaonyesha mshipa ulionenepa una uwezo wa kurudi nyuma, ila kwa mwaka mzima wa dawa isiyokatwakatwa.

Za kundi hili la kaptoprili zina kikohozi kikavu ambacho hakisikii dawa ya kifua. Ukikipata, usinunue chupa ya tatu ya dawa ya kikohozi bali rudi ubadilishiwe, mara nyingi kwa losatani. Midomo, ulimi au uso vikivimba ghafla, jambo linalowapata watu wenye asili ya Afrika zaidi kuliko wengine, usimeze kingine na uende hospitali mara moja. Mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, aseme kabla hajaandikiwa, kwa kuwa dawa hizi pamoja na losatani humdhuru mtoto tumboni. Zipo nyingine kama metildopa zinazotumika wakati wa ujauzito.

Dawa za kukojoza, yaani haidroklorothiazaidi, bendro na indapamaidi, hupunguza maji na chumvi majuma ya mwanzo, kisha baadaye mishipa yenyewe hulegea. Zimeze asubuhi usije ukakesha chooni, na mwenye jongo aseme, maana huweza kuliamsha. Usishangae pia kupewa dawa mbili siku ya kwanza ukadhani hali yako ni mbaya sana. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha Waafrika 728 katika nchi 6, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kwamba amlodipini ikichanganywa na haidroklorothiazaidi au na perindoprili, ya kundi la kaptoprili, hushusha presha vizuri zaidi kuliko mchanganyiko wa hizo mbili bila amlodipini.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua kwa ajili ya kiuno na magoti kama wanunuavyo peremende, hushikilia chumvi mwilini na kupandisha presha. Zikikutana na dawa ya kukojoza pamoja na enalaprili au losatani, zinaweza kuziangusha figo. Mwambie daktari unazozitumia, mwambie pia kuhusu pumu, na utaje mitishamba yote kwa majina, hata ile uliyopewa na shangazi.

Wiki za mwanzo, ukiamka keti kwanza kitandani kabla ya kusimama, kwa sababu mishipa inajifunza upya na kizunguzungu huwaangusha wazee. Ukitapika au kuharisha sana, wasiliana na kliniki kabla ya kuendelea na dawa za kukojoza na za kundi la kaptoprili. Anayefunga Ramadhani apange saa za dawa na daktari kabla mwezi haujaandama. Ukisahau dozi usimeze mbili kwa pamoja, na atenololi au ndugu yake propranololi usiziache ghafla, kwani moyo hurudi kwa kishindo.

Basi, mpaka lini? Wapo waliopungua uzito, wakapunguza chumvi hadi chini ya gramu 5 kwa siku kama linavyoshauri Shirika la Afya Duniani, wakapunguziwa vidonge na daktari. Walio wengi huendelea, kwa sababu dawa ikikatwa presha hupanda tena na ukuta wa mshipa huanza upya kunenepa. Nunua pakiti inayofuata wakati vidonge vya wiki moja bado vimebaki. Na siku ya kurudi kliniki, meza dawa yako saa ile ile ya kila siku. Wengi huiacha asubuhi hiyo ili daktari "aione presha yenyewe", naye akiiona iko juu huongeza kidonge ambacho hawakukihitaji.